Kurudisha mikoko: anza na maji, mche utafuata

Kila masika na vuli, mwambao wa Afrika Mashariki hupandwa miche ya mikoko kwa maelfu. Wanafunzi wanakuja, kina mama wanakuja, viongozi wanakuja. Bamvua chache (siku za maji makubwa, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu) zikipita, sehemu nyingi unakuta miche imelala kwenye tope, majani yamegeuka kahawia. Nia ilikuwa njema na jasho lilitoka kweli, ila mche uliwekwa mahali ambapo mti wa aina yake haujawahi kuishi.

Mwongozo huu ni wa kikundi cha kijiji, BMU (kikundi cha usimamizi wa ufukwe na uvuvi), kamati ya shehia au shule yenye kipande cha mikoko kilichokatwa au kilichokufa. Nitasema mapema ninachokiamini: kupanda ni kazi ya mwisho. Mikoko ikipata maji yake, yanayoingia na kutoka inavyopaswa, hujipanda yenyewe. Isipoyapata itakufa, hata ukiipanda kila mwaka. Kwa hiyo utaona hatua nyingi hapa hazina mche wowote mkononi.

Hatua ya 1: Jua msitu uko chini ya nani, na nani anautumia

Tanzania Bara mikoko iko ndani ya hifadhi za misitu za serikali, na msimamizi ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mafia kuna pia Hifadhi ya Bahari. Zanzibar utapitia idara ya misitu na ofisi ya sheha. Kenya mikoko ilitangazwa msitu wa serikali mwaka 1932, leo inasimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya, KFS, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 inaruhusu wananchi kuingia kwenye usimamizi kupitia jumuiya za misitu. Andikeni barua, mpate ruhusa kwa maandishi, mtunze nakala. Hata kuzibua mfereji kunahitaji ruhusa hiyo.

Halafu nendeni kwa watumiaji wenyewe: mwenye mtego wa kaa, mama anayeokota tondo (konokono wa mikokoni) na chaza, kijana anayepitisha mtumbwi kwenye hori, yaani mkono wa bahari unaoingia mikokoni, mfugaji ambaye mbuzi wake hushuka ufukweni kiangazi. Hawa wanajua maji yanapita wapi kuliko ramani yoyote. Na wao ndio watakaoulinda mche usiku ninyi mkiwa mmelala.

Hatua ya 2: Tafuta kilichoua

Hapa msiwe na haraka. Nendeni siku ya bamvua, mara mbili siku hiyohiyo: maji yakiwa yamekupwa kabisa, na maji yakiwa yamejaa.

Wakati wa kupwa, angalieni miti ilikufaje. Visiki vilivyokatwa kwa panga au msumeno vinasema wazi: ni watu. Lakini mkikuta miti imesimama imekauka, magome yanabanduka, matawi yote yapo, basi panga halikuhusika. Hapo maji ndiyo yamebadilika, au udongo umefukia mizizi.

Piga magoti utazame mizizi ya mchu, aina mojawapo ya mikoko. Mti huu hutoa vijiti vyembamba kama penseli vinavyochomoza juu ya tope, na kwa vijiti hivyo mizizi hupata hewa. Kwenye mchu wenye afya vijiti vinasimama wazi, urefu wa kiganja hivi. Ukiona ncha tu zinachungulia, au huzioni kabisa mpaka ufukue kwa vidole, udongo umeshuka kutoka nchi kavu na kuuziba mti pumzi. Hivyo ndivyo ilivyotokea Mwache, karibu na Mombasa, baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998: mafuriko yalileta udongo mwingi kutoka bara, na eneo kubwa la mikoko likafa likiwa limesimama. Mkipanda mahali pa namna hiyo bila kushughulikia mashamba na kingo za mto huko juu, mvua kubwa ijayo itaizika miche tena.

Sababu nyingine ya kawaida ni tuta. Barabara imepitishwa juu ya hori bila kalvati, au kwa kalvati dogo lililoziba takataka. Au mtu alichimba mabwawa ya chumvi, akajenga kingo, kisha akahama. Ndani ya kingo hizo maji huingia kwa shida, hukaa, jua linayakausha, na chumvi inabaki juu kama ukoko mweupe. Rufiji, ambako kuna eneo kubwa kuliko yote la mikoko katika Afrika Mashariki, sehemu nyingi zilifyekwa kwa mashamba ya mpunga, mashamba yakachoka, yakaachwa. Kila sababu ina dawa yake, na mche si dawa ya hata moja.

Wakati wa maji kujaa, simameni muone maji yanaingilia wapi, yanachelewa wapi, na wapi hayafiki. Chukueni mzee aliyeujua msitu ule ukiwa hai awaoneshe hori la zamani lilipopita. Andikeni kwenye daftari, chorani ramani hata kama ni ya mkono.

Hatua ya 3: Uliza kama msitu unajirudisha wenyewe

Kateni fito mbili za mita 2. Pita na wenzako kwenye eneo tupu, mkiziweka chini hapa na pale kupima mraba wa mita 2 kwa 2, na mhesabu miche iliyoota yenyewe. Mkikuta karibu kila mraba una angalau mche mmoja hai, hiyo ni sawa na miche 2,500 kwa hekta. Msipande. Lindeni tu, msikanyage, zuieni mbuzi. Msitu uliojiotea huchanganya miti ya aina mbalimbali na kila mmoja umejichagulia mahali pake. Najua ni vigumu kumweleza mfadhili kwamba mwaka huu kazi yenu ilikuwa kutopanda. Mwelezeni hivyohivyo, na takwimu za daftari mkononi.

Kama miche hakuna lakini kaa wadogo wenye gando moja kubwa wamejaa na mashimo yao yako wazi, udongo bado uko hai. Pengine mbegu tu hazifiki kwa kuwa miti mama iko mbali. Hapo kupanda kuna maana.

Hatua ya 4: Rudisha maji kwanza

Kingo za bwawa la chumvi lililoachwa zibomolewe mahali hori la zamani lilipokuwa likiingilia, wala si pale panapowarahisishia kazi. Fungueni zaidi ya sehemu moja kama eneo ni kubwa. Tumieni jembe, sururu na koleo, maji yakiwa yamekupwa, na udongo mnaoutoa msiumwage juu ya miti iliyo hai. Mifereji iwe ya kina kifupi na ifuate mkunjo wa zamani. Mfereji ulionyooka na wa kina hukausha eneo na kuleta mmomonyoko. Kalvati lililoziba lizibuliwe. Kama barabara haina kalvati kabisa, hiyo ni barua kwa halmashauri au kaunti, na iandikwe sasa, kabla ya mche wa kwanza.

Kisha subirini msimu mmoja wa mbegu. Mara nyingi maji yakirudi, mbegu huja nayo. Roy Robin Lewis, Mmarekani aliyefanya kazi hii Florida miaka mingi, alijulikana kwa msimamo huohuo: rekebisha maji, na upande pale tu mbegu zinaposhindwa kufika zenyewe.

Hatua ya 5: Pima usawa wa ardhi

Kosa linaloua miche mingi kuliko yote ni kupanda chini mno. Uwanja wa tope ulio wazi, unaoonekana tupu maji yakikupwa, mara nyingi haukuwahi kuwa na mikoko. Ni mahali pa nyasi bahari, pa ndege wa ufukweni, pa wanaookota chaza. Mikoko huishi nusu ya juu ya ufukwe, juu ya usawa wa kati wa bahari mpaka pale bamvua kubwa linapofika. Sri Lanka baada ya tsunami ya 2004 walipanda sehemu nyingi, na miche mingi ikafa kwa sababu hii hasa.

Kupima hakuhitaji mashine, maji yenyewe yatawapimia. Chagueni siku ya bamvua isiyo na upepo. Mtu mmoja asimame chini ya mti hai wa aina mnayotaka kupanda, akiwa na fimbo aliyoiwekea alama za sentimita. Mwingine asimame na fimbo kama hiyo kwenye eneo tupu. Maji yakisimama, kabla hayajaanza kurudi, wote wawili wasome kina kwa wakati mmoja. Pigianeni simu au mluzi. Tuseme chini ya mkandaa hai, aina nyingine ya mikoko, maji yamefika sentimita 30, na kwenye eneo tupu yamefika sentimita 90. Basi eneo tupu liko sentimita 60 chini zaidi, na mkandaa hautaishi pale. Rudieni kwenye sehemu kadhaa, muandike kwenye ramani yenu. Asubuhi moja ya kazi hii inaokoa miche elfu.

Hatua ya 6: Mpe kila mti mahali pake

Mlilana ndio unaokaa mbele kabisa, unapigwa na mawimbi, miguu yake ndani ya maji kila siku. Nyuma yake na kandokando ya mahori yenye tope laini ndipo penye mkoko wenyewe, ule wa mizizi inayoshuka kama magongo. Muia, ambao wengine huuita msinzi, hupenda katikati. Mkandaa uko juu zaidi, kwenye udongo mgumu kidogo unaofikiwa na maji makubwa. Mkomafi hukaa kingo za mahori ya ndani, na kikandaa karibu na nchi kavu. Msikundazi hutaka maji baridi ya mto, ndiyo maana utauona kwenye delta kama Rufiji. Mchu ni mvumilivu wa pekee: utaukuta mbele karibu na mlilana, na utaukuta tena nyuma kabisa kwenye chumvi kali, ukiwa mfupi na uliojikunja.

Karibu kila mradi hupanda mkoko peke yake, mpaka mahali pasipo pake, kwa kuwa mbegu yake ni ndefu, ni rahisi kushika na haihitaji kitalu. Tafadhali msifanye hivyo. Tazameni msitu hai ulio karibu na muige mpangilio wake. Msitu wa aina nyingi ndio unaobeba wakazi wake wote: kaa, tondo, kamba, chaza wanaoganda kwenye mizizi, vifaranga vya samaki wanaojificha mpaka wakue. Kule Jozani, Unguja, hata kima punju hushuka kula majani ya mikoko.

Hatua ya 7: Mbegu

Mkoko, muia na mkandaa huotesha mbegu zikiwa bado mtini. Mbegu ya mkoko na ya mkandaa imekomaa ukiona pete ya manjano kati ya kofia ya tunda na mkia mrefu, na ikidondoka kwa kutikisa tawi kidogo. Msiing'oe kwa nguvu na msiibandue ile kofia. Ndani yake kuna kichomozo cha majani, kikivunjika mbegu imekufa. Zilizoanguka chini zinafaa pia, mradi hazina matundu ya wadudu na hazijakauka. Okoteni kwenye miti mingi tofauti, na mwache nyingine zianguke palepale.

Mbegu mbichi ya mkoko ni chakula kitamu kwa kaa. Ziwekeni kivulini, zimefunikwa kwa majani mabichi au gunia lenye unyevunyevu, kwa wiki moja hivi. Zikisinyaa kidogo kaa hazitamani sana, na bado zitaota.

Mchu ni tofauti: mbegu yake ndogo, bapa, haikai. Ilowekeni usiku mmoja ganda litoke, kisha ipandwe ndani ya siku chache. Tunda la mlilana lilowekwe mpaka lilainike, likamuliwe ndani ya maji, na mbegu ndogondogo zichujwe. Wengi hupata shida na mlilana. Njia iliyo rahisi ni kuhamisha miche midogo iliyosongamana chini ya mti mama, pamoja na bonge la udongo wake.

Hatua ya 8: Kitalu, kwa wanaokihitaji

Mkoko, muia na mkandaa mnaweza kuvipanda moja kwa moja. Mchu, mlilana, mkomafi na kikandaa vipite kitaluni. Mahali pake ni pale maji ya kawaida yanapofika, pasipo na mawimbi, na chini ya kivuli chepesi cha makuti. Jazeni viriba (vifuko vya plastiki vya kuoteshea) tope lenye mchanga kidogo la mikokoni. Siku za maji mafu, yaani kati ya bamvua na bamvua maji yanapojaa kidogo tu, yasipofika, mwagilieni wenyewe. Baada ya miezi mitatu hadi sita, ondoeni kivuli polepole ili miche izoee jua. Siku ya kupanda kiriba kichanwe na plastiki irudi nyumbani. Plastiki iliyoachwa kwenye tope inabana mizizi, na nyingine inaishia tumboni mwa kasa.

Hatua ya 9: Siku ya kupanda

Kwa maeneo ya chini, pandeni bamvua linapoanza kuisha, ili mche upate siku za maji mafu kujishikilia kabla mkondo haujapata nguvu tena. Kwa maeneo ya juu yanayofikiwa na bamvua tu, pandeni udongo ungali na maji.

Mbegu ya mkoko ishike wima, ncha iliyochongoka chini, iingie sentimita 7 hadi 10. Ya mkandaa iingie theluthi ya urefu wake. Tope libanwe kwa vidole. Msikandamize kwa kisigino. Nafasi ya mita 1 mpaka mita 1.5 inatosha. Acheni njia za maji na za mitumbwi bila mche hata mmoja, na mpite kwa mistari mnapoingia na kutoka, kwa sababu watu mia wakitawanyika kwenye tope laini wataua kaa na miche iliyojiotea. Kama wageni ni wengi kuliko kazi, wengine waokote plastiki.

Hatua ya 10: Miaka mitatu ya kulinda

Wekeni alama za maeneo manne au matano ya mita 10 kwa 10, na mhesabu miche hai baada ya mwezi 1, miezi 3, miezi 6 na mwaka. Ikiwa imekufa michache, jazieni. Ikiwa imekufa zaidi ya nusu, msijazie. Rudini hatua ya 2 na ya 5 mkatafute sababu.

Maadui ni hawa. Kaa anatafuna shingo ya mche: pandeni mche mkubwa zaidi wa kitaluni. Vile vigamba vyeupe vikali vinavyoganda kwenye ubao wa ngalawa vimejaa kwenye shina: ni dalili kwamba mko chini mno. Mwani na nyavu zilizokatika vinauvuta mche: vitolewe kwa mkono kila baada ya bamvua. Mbuzi na ng'ombe wanapenda mno majani ya mchu: hapo ongeeni na wafugaji, mpangiane njia na miezi, maana uzio wa baharini haudumu.

Hatua ya 11: Anayekata akate nini?

Mikoko imekatwa tangu zamani kwa sababu ina faida. Majahazi yalibeba boriti za Lamu na Rufiji mpaka Arabuni na Ghuba, na hadi leo muuza miti wa Lamu atakupangia kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Nyumba zinajengwa, chokaa inachomwa, chakula kinapikwa. Kikundi kinachopanda bila kuwa na jibu la kuni na nguzo kinawapandia wakataji. Pandeni mvinje nchi kavu, kwenye mchanga ambao mikoko haioti, mapema kabisa, hata kabla ya mikoko, kwa sababu ndani ya miaka michache tayari unatoa nguzo.

Gazi, Kaunti ya Kwale, walikwenda njia hiyo. Majaribio ya kupanda yalianza mwaka 1991 chini ya taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI. Mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni walianzisha Mikoko Pamoja, wakilinda hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa inayofyonzwa na msitu huo, yaani kulipwa na wanaotaka kufidia moshi wanaoutoa wao. Fedha zimekwenda kwenye maji ya bomba na shule, kwa miradi waliyoichagua wanakijiji wenyewe, na mvinje imepandwa ili kupunguza haja ya kukata mikoko. Vanga, Jimbo na Kiwegu wamefuata, kwa eneo kubwa zaidi.

Kwa hiyo sasa wanunuzi wa hewa ya ukaa wanazunguka vijiji vya pwani, na huenda watabisha hodi kwenu pia. Mkataba wowote utakaoletwa usomwe barazani kwa Kiswahili, ibara kwa ibara: unadumu miaka mingapi, kijiji kinapata sehemu gani ya bei, nani anashika akaunti, na je, mama wa tondo na mvuvi wa kaa wataendelea kuingia msituni. Hilo la mwisho liandikwe ndani ya mkataba wenyewe, kabla ya mtu yeyote kutia sahihi.